Samaki Aliyevaa Kanzu

Kikaango cha mama kilinifikia kikiwa kimefungwa katika kipande cha kitenge, pamoja na kinu chake kidogo cha viungo. Wanawake wa ukoo waliogawa vitu vyake baada ya matanga waliona ni haki yangu, na mmoja wao alinishauri nikisugue kwa mchanga, kwa kuwa kingo zake zilishika ukoko mweusi wa mafuta. Sikukisugua. Nilipokipasha moto mara ya kwanza, kikiwa kitupu, kilitoa harufu ya mawese ya zamani, na nyuma yake harufu nyingine, kavu, ya mchele uliokaangwa hadi ukakaribia kuungua. Watu wa umri wangu, waliokulia katika nyumba ambazo chakula kilipikwa uani na watoto wakachochea moto, wataniamini nikisema kwamba harufu ile ilinirudisha moja kwa moja kwenye miguu ya baba.

Nasema miguu, si uso. Uso wake umefifia, na sitaki kuubuni. Lakini miguu yake naiona hata sasa: imenyooshwa juu ya mkeka, mikubwa, inang'aa kama mitungi iliyopakwa mafuta, na vidole vidogo vimezama katika nyama yake kama mbegu katika boga.

Alikuwa mchimbaji wa dhahabu katika machimbo ya Wazungu upande wa Salamabila. Sisi tulibaki kijijini, si mbali na Kabambare, mahali ambapo watu waliishi kwa muhogo, mpunga na samaki wa mto Luama, na kwa pamba ambayo serikali ilimlazimisha kila mtu kuilima. Nyumbani tulikuwa mama, mimi, na nkambo, yaani mama yake baba. Baba alikuwa akirudi kwa likizo, na kila mara alirudi na kitu: kipande cha kitambaa, sabuni, sindano. Safari ya mwisho alirudi mikono mitupu, akiwa ameshikwa mabega na wenzake wawili waliomshusha kwenye lori. Mama alikuwa shambani. Nkambo ndiye aliyemwona kwanza, na badala ya kusalimu aliuliza, "Nani amekuvalisha miguu ya mutu mwingine?"

Siku iliyofuata tulimpeleka dispensari. Mganga alikuwa kijana wa huku huku, mwenye koti jeupe na sauti ya upole. Alibonyeza mguu wa baba kwa kidole gumba, akakiondoa, na shimo likabaki pale pale, kama alama ya kidole kwenye ugali. Alieleza habari za mafigo yaliyochoka na maji yasiyopata njia ya kutoka. Kisha akasema neno moja ambalo mimi nililishika kuliko yote.

"Chumvi apana. Hata kidogo. Apana kwa samaki, apana kwa mboga ya sombe. Ukikula chumvi, hii maji itapanda mupaka kwa moyo."

"Na machozi, muganga?" baba akauliza. "Nayo iko na chumvi. Nisilie?"

"Lia tu, Baba Feza. Ile inatoka, haiingii."

Walicheka wote, hata mama. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimepata elimu. Nilikwisha kuona dukani jinsi gunia la chumvi linavyonyonya maji wakati wa mvua, likavimba na kuloa hadi sakafu chini yake ikawa na dimbwi. Basi nikajua kwamba miguu ya baba ilikuwa magunia mawili ya chumvi. Tulipofika nyumbani niliibonyeza, nikasogeza sikio nisikie kama punje zinasagana ndani. Alipotoka jasho nililipangusa kwa kiganja changu, nikageuka upande na kulamba. Lilikuwa na chumvi. Nilifurahi sana. Niliona kwamba inatoka, na kwamba kazi iliyobaki ni kungoja magunia yaishe.

Lakini baba aliacha kula. Hakugoma, wala hakumkasirikia mtu. Alichukua tonge, akalitafuna muda mrefu, akatazama mlangoni, na mkono wake haukurudi tena kwenye sahani. Siku moja alisema, "Ni sawa na kula udongo," kisha akamwomba mama msamaha kwa kusema hivyo. Mabega yake yalikonda huku miguu ikizidi kujaa, na mtu angeweza kudhani kwamba nusu ya juu ilikuwa ikiliwa na nusu ya chini. Mama aliogopa jambo hilo kuliko ugonjwa wenyewe. Nilimsikia akimwambia nkambo, "Ugonjwa muganga anaijua. Lakini mutu mwenye kukataa chakula, dawa yake iko wapi?"

Jambo pekee alilolizungumza kwa hamu lilikuwa samaki fulani. Kule machimboni alikuwa na rafiki aliyempikia Mzungu mmoja, na Jumapili moja rafiki huyo alimtolea jikoni kipande kilichobaki. Kilikuwa kimepakwa vumbi la mkate mkavu na kukaangwa. "Inalia mu meno," baba alisema, macho yake yakiwa juu kwenye makuti. "Kraa! Kama unakanyaga majani ya kiangazi. Kisha ndani ni laini."

Mama alitoka nje, na nilipomfuata nilimkuta akichambua mchele. "Mukate hatuna," aliniambia. "Muchele tunayo."

Yapasa nieleze hapa kwamba mama alizaliwa Kasongo, katika familia ya Wakristo waliolima mpunga miaka mingi jirani na Waislamu, na kwao kukaanga kulikuwa jambo la kila siku: vitumbua, ndizi, samaki. Kwa nkambo, aliyekuwa Mbangubangu, mwenyeji wa kijiji chetu tangu na tangu, samaki alikuwa wa kubanikwa juu ya moshi au kufungwa katika majani na kuzikwa kwenye majivu. Kumtia samaki katika mafuta mengi aliona ni kiburi. Alipoona mama akipaka unga vipande vya kambale alikuja akasimama nyuma yake, mikono kiunoni.

"Ee, Mama Feza! Samaki ya Kasongo inavaa kanzu? Inaenda kusali wapi?"

"Inaenda kwa mutoto wako, mama."

"Basi ivae na kofia."

Kanzu ya kwanza ilikuwa ya unga wa muhogo. Ilikauka ikawa ngumu kama ngozi ya ngoma, na kipande kilipopoa ilibanduka yote, ikabaki mkononi. Unga laini wa mchele ulishika vizuri zaidi, lakini uliteleza mdomoni bila sauti. Karanga zilizotwangwa zilinukia hadi majirani wakaja kuuliza habari, ila ziliungua kabla samaki hajaiva. Mbegu za maboga zikawa chungu. Kila mara mama alibadilisha jambo moja tu, na mengine yote aliyaacha kama yalivyokuwa. Nilipomwomba aongeze pilipili na tangawizi kwa pamoja, alikataa. "Ikikuwa tamu, utajua ni gani imefanya?" aliniuliza. Nimesoma vitabu vingi tangu siku hiyo, na vingi vilichukua kurasa nyingi kunieleza jambo hilo hilo.

Kazi yangu ilikuwa kuonja. Nilifumba macho, nikauma, na nilitakiwa kusema kama samaki amelia au hakulia. Nilidhani nilipewa kazi hiyo kwa kuwa masikio yangu yalikuwa mazuri. Sikufikiri kwamba mama, ambaye aliacha chumvi siku ile ile baba alipokatazwa, alikuwa hauamini tena ulimi wake.

Mwishowe aliloweka mchele, akauanika, akautwanga kidogo tu, ukabaki chengachenga kama mchanga wa mtoni. Chenga zilikataa kushika. Mayai yalikuwa ya kuatamiwa yatoe vifaranga, na tena nkambo asingekubali yai lipite karibu na mtoto wa kike, kwani kwao ilikuwa mwiko. Mama alichemsha bamia, akachukua ute wake, akachovya samaki humo kabla ya kumgaagaza katika chenga. Zilishika kama magamba. Mawese aliyapasha hadi wekundu ukapungua na moshi mwembamba ukaanza kupanda, ndipo akatumbukiza kipande kimoja. Nilipouma, sauti ilifika hadi kwa nkambo aliyekuwa akifagia upande wa pili wa ua. Aliacha kufagia.

Ladha ndiyo iliyobaki. Mama alikausha majani ya ngaingai, yale mekundu yenye uchachu, akayasaga na vitunguu na pilipili kidogo, akayachanganya na chenga. Uchachu ule uliukamata ulimi mahali ambapo chumvi huukamata. Baba alikula kipande, akashangaa, akala cha pili. Mama alienda nyuma ya nyumba, nami nilipochungulia nilimwona ameegemea ukuta, kitenge mdomoni. Kwa siku kadhaa baba alikula. Kisha mkono wake ukaanza tena kubaki njiani, na alipoulizwa alijibu kwa upole, kama mtu anayetoa taarifa ya mtu mwingine, "Ulimi umegundua kama unadanganywa."

Ilikuwa kiangazi, na mto umeshuka. Asubuhi moja nkambo alichukua panga na kikapu kikubwa, akaniambia, "Njoo, muke mwenzangu, tuende kwa kazi ya wazee." Ndivyo alivyoniita alipokuwa na furaha, kwa utani wa bibi na mjukuu, eti sote wawili tumeolewa na babu. Tulikata matete na majani ya bwawani, tukayaanika, tukayachoma mahali palipofagiwa. Majivu aliyatia katika kikapu kilichotandikwa nyasi, akayamwagia maji kidogo kidogo, na chini yakadondoka maji ya rangi ya chai. Aliyachemsha katika chungu hadi yakakauka, ukabaki unga wa kijivu ulioshikana. Zamani, kabla ya maduka, hiyo ndiyo chumvi watu waliyokuwa nayo. Wakati wangu walioijua walikuwa vikongwe tu.

Alimpelekea mama ikiwa imefungwa katika jani la mgomba. Mama aliifungua, akaifunga tena.

"Mama, muganga alisema chumvi apana."

"Alisema chumvi ya nani? Muganga anajua ile ya duka, yenye inatoka kwa Wazungu. Ile ndiyo inavimbisha watu. Zamani tulikula hii, na ulisikia mutu alikufa na miguu kama ile? Hii si chumvi, Mama Feza. Hii ni majani."

Mama alitazama mlango wa nyumba, ambamo baba alikuwa amelala. Mimi niliona hoja ya nkambo haina tundu: majani ni dawa, kila mtoto alijua hivyo, na dawa za nkambo zilikwisha kuniponya tumbo na macho. Kisha mama akasogeza kinu mbele yake, akakinga kiganja, na nkambo akamimina. Walitwanga kwa zamu, mmoja akishika kinu, mwingine mchi. Sikuwahi kuwaona wakitumia kinu kimoja kabla ya siku ile.

Baba aliketi mlangoni, mgongo kwenye nguzo. Aliuma. Kraa. Akatafuna mara chache, akaacha kutafuna, akafumba macho. Machozi yakamtoka, yakateremka hadi kidevuni, naye hakuyapangusa. Alipofumbua macho hakumtazama mama, aliyekuwa amesimama na kikaango mkononi, uso wake ukimeremeta kwa mafuta na jasho. Alimtazama nkambo.

"Aksanti, mama," alisema.

Nilichukia. Mama ndiye aliyehangaika na muhogo, karanga na bamia, mama ndiye aliyeungua vidole, na shukrani ikaenda kwa aliyekata matete siku moja. Nilimvuta mama kitenge nikamwuliza kwa nini baba analia. "Pilipili imemuingia," alinijibu. Na mimi nikaona ni kweli, tena ni vizuri, kwa kuwa machozi ni chumvi inayotoka.

Baba alimaliza kipande, akalamba vidole, akaomba kingine. "Leo samaki ya Kasongo imeolewa kwa Wabangubangu," alisema.

"Kanzu ni ya Kasongo," nkambo akajibu haraka, "lakini mwenye kuvaa ni wa kwetu!"

Mama alicheka hadi akaweka kikaango chini. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu dispensari, na nkambo naye, kwa kuona utani wake umepokelewa, aliurudia kwa kila jirani aliyepita.

Majuma yaliyofuata ndiyo sehemu ya utoto wangu ninayoweza kuisimulia kwa utulivu. Baba alikula. Mabega yake yalirudi kidogo. Alihamia nje mchana, akaniambia nimletee mgono wake wa zamani, ule mtego wa samaki wa fito, akaanza kuutengeneza, akinifundisha namna ya kufunga kamba ili mdomo wake uingize samaki usimtoe. Miguu haikupungua, lakini sote tuliacha kuitazama. Nilikuwa sibonyezi tena.

Alifariki asubuhi, mgono ukiwa mapajani. Alisema, "Shika hapa," akimaanisha ufito, nikashika, nikangoja aseme lingine. Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya kamba kama mtu anayefikiri. Nilishika ule ufito kwa muda, kwa sababu hakuwa ameniambia niuachie. Mama alitukuta hivyo.

Watu walipokuja kulia, na wazee wakaanza kuuliza kwa sauti ya chini nani alimchukia marehemu, nkambo aliinuka kati yao. "Nyamazeni," alisema. "Mutoto wangu amekufa akiwa ameshiba. Wangapi kati yenu walizika mutu mwenye ameshiba?" Neno hilo lilifunga midomo yote. Hakuna aliyemshtaki mama, wala aliyetaka kumfukuza na kuchukua vyombo, kama ilivyowapata wajane wengine tuliowafahamu. Nkambo aliishi na mama miaka mingi baadaye, na neno hilo lilikuwa fimbo yake ya kutembelea. Alilisema wakati wa mavuno, alilisema usiku wa kuamkia Noeli, alilisema siku alipokuwa amelala na sisi tumemzunguka. "Alikufa akiwa ameshiba. Miye na Mama Feza, tulimushibisha."

Shule niliiacha mapema. Mengi ninayoyajua niliyatoa katika vitabu nilivyovipata hapa na pale, vingine bila jalada, nikivisoma polepole na kurudia nisipoelewa. Katika kimojawapo, kilichohusu afya, nilikuta habari za mafigo, na kwingine habari za majivu. Nilijifunza kwamba chumvi ya majani ya bwawani ni chumvi kweli, ila si ile ya duka. Kwa mtu mwenye afya haina neno. Kwa mtu ambaye mafigo yake yamechoka inaweza kubaki katika damu, ikausimamisha moyo ghafla, bila homa na bila kelele. Niliweka kitabu chini. Baadaye niliuliza watu wawili waliosomea udaktari, kila mmoja peke yake, nao wakanijibu vile vile. Nasema inawezekana. Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Mafigo yale yangemuua kwa njia yoyote, na njaa pengine mapema zaidi. Nimeyapima mambo haya mara nyingi, na mizani haijawahi kutulia upande mmoja.

Mama alirudi Kasongo uzeeni. Sikukusudia kumwambia. Lakini siku moja, tukiwa tunapepeta mchele uani, nkambo akiwa amekwisha kufa zamani, aliniuliza bila kuinua uso.

"Feza, weye mwenye kusoma. Ile ya majani, nayo ilikuwa chumvi?"

Ningeweza kumpa jibu la kumpendeza. Lakini yeye ndiye aliyenifundisha kubadilisha jambo moja tu ili nijue ukweli wa jambo hilo. Nilimweleza kama nilivyolieleza hapa, pamoja na yale nisiyoweza kuyajua. Aliendelea kupepeta. Maganda yakaruka, punje zikarudi kwenye ungo.

"Miye nilizani hivyo," alisema mwishowe. "Ulimi wangu ulijua pale kwa kinu. Na baba yako alijua tangu kuuma mara ya kwanza. Weye ulizani ni pilipili."

Nilimwuliza kama walizungumza habari hiyo, yeye na baba.

"Aliniambia, 'Usiniulize, na miye sitakuuliza.' Nikaendelea kukaanga."

Alitoa jiwe dogo katikati ya mchele, akalitazama, akalitupa.

"Nkambo yako alijua?"

"Hapana, mama. Yeye aliamini ni majani. Aliamini mpaka mwisho."

Alitikisa kichwa taratibu. Akasukuma ungo kwangu ili nimalizie, akafunga vizuri kitenge chake.

"Miye nitakufa kabla yako, nitamukuta kule," alisema. "Sitamwambia."